Kadi Iliyolala Kifudifudi

Kwa masimulizi ya Mama Cherehani, fundi wa chumba cha pili, Jumamosi ile saa nne asubuhi mimi nilimeza kadi ya kamera.

Aliona kupitia dirisha letu linalotazamana na mlango wake. Na kabla sijapata hata nafasi ya kufunga mdomo, alishatoka nje akimtangazia kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

"Nimeona kwa macho yangu haya mawili! Mtoto karuka kama paka, kampokonya shemeji yake kadi, katia mdomoni, ikashuka! Koo nimeliona linapanda, linashuka. Saa hizi picha za watu ziko tumboni!"

"Si zitatoka?" kinyozi akauliza, mashine yake ikiendelea kunguruma.

"Zitatoka. Lakini nani atakaa azitazame?"

Wasomaji, sikumeza.

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni mwa studio nimebeba ndoo ya maji ya kupigia deki, na Shemeji amesimama katikati ya chumba, kamera mkononi, kidole gumba juu ya kitufe. Kwenye kioo cha kamera palikuwa pameandikwa FUTA VYOTE? Nami nilikuwa nimetupa jicho kwenye kisahani cha sabuni, nikakikuta kitupu.

Ndoo iliniponyoka, hilo ni kweli. Kuruka ni kweli pia. Kadi niliichomoa nikaibana kwa meno, maana mkono mmoja ulikuwa umemkamata Shemeji na wa pili unaizuia kamera isianguke majini. Koo lililopanda na kushuka lilikuwa la woga tu.

"Tema!" Shemeji akafoka. "Tema kadi! Umepandwa na nini?"

"Haihahamihwa!"

"Nini?"

Nikaitoa mdomoni. "Haijahamishwa, Shemeji!"

"Imehamishwa. Nimeikuta kwenye kisahani imelala kifudifudi. Sheria si yako mwenyewe?"

Hapo alinifunga mdomo kuliko ile kadi.

Maana sheria ni yangu kweli. Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye anayechukua video za watu. Akirudi, kazi ya kuzitoa picha kwenye kadi na kuzitia kwenye kompyuta, ili azikate na kuziunga, ni yangu. Nimeishia shule ya msingi, lakini kuhamisha hakutaki cheti, kunataka subira. Unachomeka, unakopi, unakaa. Mstari wa kijani unatambaa, nawe unautazama bila kuhama kitini. Ukifika mwisho, unafungua kila faili: mwanzo, katikati, mwisho.

Na juu ya kompyuta kuna kisahani cha sabuni. Kadi ambayo haijahamishwa inalala humo, jina lililochapwa juu yake likitazama juu. Nikishahamisha na kukagua, naigeuza. Kadi iliyolala kifudifudi imemaliza kazi yake, yeyote anaweza kuifuta na kwenda nayo kwenye sherehe nyingine. Hatuandiki popote, hatuulizani. Kisahani kikisema, kimesema.

Sasa hii ilikuwa kadi ya fundi saa. Na niliiacha Alhamisi jioni, kwa mkono wangu huu, jina juu.

"Sikuigeuza mimi," nikasema.

"Basi ilichoka kulalia ubavu mmoja, ikajigeuza yenyewe."

"Ulishabonyeza?"

"Ungeniacha nibonyeze, saa hizi ningekuwa njiani. Nina sherehe saa nane."

Hajabonyeza! Nikavuta pumzi mpaka chini ya nyayo. Hajabonyeza, basi sauti ya mzee fundi saa ingali salama.

Ilinidumu dakika mbili, furaha hiyo.

Kwanza aliingia Mama Cherehani, tepu ya kupimia shingoni, amekuja kuona kama bado napumua. Alipoiona kadi kiganjani mwangu uso ukamshuka.

"Kumbe hukumeza?"

"Sikumeza, mama."

"Ah." Akasikitika waziwazi. "Nimeshamwambia kinyozi."

Nyuma yake mlango ukaziba mwanga. Alikuwa mwanamume mrefu, shati lina mikunjo ya siku mbili, macho mekundu ya barabarani. Nje, nusu ya mtaa ilikuwa imefichwa na lori lake.

"Hodi humu. Ndipo penye video ya fundi saa?"

Nikamjua kabla hajajitaja. Pua ni ileile.

"Mimi ni mwanawe," akasema. "Yule wa mbali."

"Ndugu yangu!" Shemeji akamrukia. Wakakumbatiana wakapigana migongo, wakaachana wakatazamana, wakakumbatiana tena. "Umenenepa!"

"Na wewe umeota kipara!"

"Mzee anaendeleaje?"

Dereva akatikisa kichwa.

Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua, ila nimweleze na aliyelipata gazeti hili leo. Fundi saa amekaa kwenye kibanda chake miaka arobaini. Alhamisi alikuwa anafunga kazi kwa mara ya mwisho. Akatuita tumchukue video, akasema wazi ni ya mwanawe, aliyemfukuza nyumbani miaka kumi na moja iliyopita na hawajasemeshana tangu siku hiyo. Akampigia simu, maneno saba tu: njoo Jumamosi, kuna video yako, imebeba neno. Akakata. Ijumaa alfajiri kiharusi kikamwangusha. Ulimi ukaenda na mkono wa kulia ukaenda. Hasemi, haandiki.

Kwa hiyo neno la baba kwa mwanawe lilikuwa mahali pamoja tu duniani: kwenye kadi yenye ukubwa wa ukucha, yenye alama za meno yangu.

"Nimetoka kwake sasa hivi," dereva akasema. "Nimekaa ukingoni mwa kitanda. Ananitazama, machozi yanamtoka jicho moja. Akainua mkono wa kushoto akaonyesha huku barabarani. Nikajua ananituma hapa."

"Pole sana, ndugu yangu," Shemeji akasema, akamshika bega. "Ila nikwambie ukweli, usije ukavunjika moyo ghafla. Hiyo kadi ilipata hitilafu. Mambo ya mashine."

Nikamtazama Shemeji.

Kadi ilikuwa bado ina mate yangu. Hakuna mtu aliyekuwa ameitia kwenye kompyuta. Ameijuaje hitilafu?

"Jaribuni tu," dereva akasema. "Nimeendesha siku mbili. Hata kama picha hakuna. Sauti tu."

Mbele ya mgeni na mbele ya Mama Cherehani, Shemeji angekataaje? Nikaifuta kadi kwa upindo wa gauni, nikakaa, nikachomeka.

Kompyuta yetu haiwaki mpaka ibembelezwe. Ikanguruma, ikanyamaza, ikafikiri. Kisha folda ikafunguka.

Kamera yetu hukata video ndefu vipandevipande. Kipande kikijaa inaanza kingine. Alhamisi niliviona kwa macho yangu, kwenye kioo cha kamera, vipande vitano, cha tano kidogo.

Leo vilikuwa vinne.

Nikafungua cha kwanza. Giza. Nikaruka katikati. Giza. Cha pili, giza. Cha tatu, cha nne, giza totoro, kama umefunga macho ndani ya gunia.

"Si nilisema?" Shemeji akapumua. "Hitilafu."

"Mbona dakika zinakwenda?" dereva akauliza. "Ina sauti?"

Nikaongeza sauti.

Kwanza mvumo. Kisha funguo zikiwekwa mezani. Kisha, kwa mbali, kitu kikilia: kwii, kwii, kwii.

"Toba!" Mama Cherehani akapiga kofi. "Cherehani yangu hiyo!"

"Mama, cherehani zote zinalia hivyo," Shemeji akasema.

"Zote wapi? Mkanda wangu huo! Ulianza kulia Ijumaa asubuhi nikishona sare za wauguzi, Ijumaa jioni nikaubadilisha. Umelia siku moja tu hapa duniani. Nitausahau?"

Ijumaa.

Alhamisi ndiyo tuliyochukua video. Ijumaa Shemeji alituambia hafungui studio, anakwenda kushinda na mgonjwa.

Hapo nikaelewa. Ile FUTA VYOTE ya asubuhi ilikuwa maigizo. Kadi ilishafutwa tangu jana yake, na juu yake pakarekodiwa giza, kwa makusudi, lenzi ikiwa na kifuniko, mpaka betri ikafa. Leo alitaka nimwone akifuta, ili lawama iende kwa kisahani. Lawama iende kwangu.

"Nilipitia hapa kidogo," Shemeji akasema, akicheka kicheko kisicho na meno. "Lazima niliiacha kamera ikiwa inarekodi bila kujua. Kifuniko nacho kilikuwepo. Uchovu, ndugu yangu."

"Hutokea," dereva akasema kwa upole. "Mimi niliwahi kuacha taa za lori zikiwaka mpaka asubuhi."

Akamhurumia! Masikini ya Mungu, akamhurumia.

Sasa wasomaji wangu, kuna jambo nimelibana tangu tulipoanza hadithi hii. Nilidhani halitakuwa na kazi. Leo nalitema.

Alhamisi, karibu na mwisho, fundi saa alimwambia Shemeji: "Kijana, nenda nyumbani kaniletee miwani, nataka nionekane nayo." Shemeji akaenda. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera, na niliiona miwani. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati la mzee muda wote.

"Binti, mashine inaandika?"

"Inaandika, baba."

Akaitazama lenzi kama mtu anayetazama saa iliyosimama.

"Mwanangu," akasema, "ile saa ya mteja iliyopotea, nikakutoa mbele za watu na kukuita mwizi. Hukuichukua wewe. Aliichukua mwenzako niliyekuwa namfundisha pamoja nawe. Huyu huyu mwenye kamera. Huyu niliyemtuma miwani."

Mume wa dada yangu! Lakini, nitasema ukweli, papo hapo nilipata na nafuu. Mzee aliniusia nisitoe neno, nami nikajiona nimepona: mzigo si wangu, ni wa kadi. Kadi itahamishwa, kadi itasema, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni kama kawaida yangu.

Basi tungefika salama. Ila njiani kurudi Shemeji aliniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Nilipotoka, mzee alisema nini?"

Ningejibu hakuna. Ningejibu alikohoa. Lakini mimi, mtu wa kufagia na kusubiri, kwa mara ya kwanza nilikuwa na siri kubwa kuliko mimi. Ikanivimbisha kichwa.

"Utasikia tukihamisha, Shemeji," nikasema, na kutabasamu.

Neno hilo ndilo lililoiua kadi. Si kisahani, si betri. Ni mimi.

"Haya, toa hiyo kadi," Shemeji akanirudisha studio. "Nina kazi saa nane."

"Bado kuna ile programu ya kufufua mafaili," nikasema.

Akageuka polepole. "Nani kakufundisha kitu hicho?"

"Wewe. Mwaka jana, ulipofuta mahafali ya chekechea."

"Sijawahi kukufundisha."

"Nilikuwa nafagia."

Mama Cherehani akaguna kicheko. Dereva akaja akapiga magoti kando ya kiti changu, macho kwenye skrini. "Fufua, mdogo wangu. Fufua chochote."

Nilijua jambo moja ambalo Shemeji, kwa haraka yake, alilisahau. Alhamisi kamera ilikula umeme wa ukutani, haikuzimika. Ijumaa ilikula betri, na betri yetu haimalizi saa moja na nusu. Giza lake lilifunika vipande vinne. Cha tano, kile kidogo cha mwisho, huenda lilishindwa kukifikia.

Nikabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Mbili kwa mia. Tatu.

Wasomaji, mstari ule nimeutazama siku nyingi, sijawahi kuuogopa. Siku hiyo nilikuwa nautamani ufike na nautamani ufe njiani.

Tisa kwa mia.

"Unajua," dereva akaanza, bila kumtazama mtu, "kufukuzwa si kitu. Ningefukuzwa kwa kosa langu, ningelala. Nimelala kwenye lori miaka kumi na moja nikiwapanga watu wote kichwani. Mteja mwenyewe. Mama mwenye nyumba. Wapwa wangu. Nimewashuku mmoja baada ya mwingine. Mama alipofariki sikuja kuzika, maana nilijua nitasimama kaburini nikitazama mikono ya watu."

Kumi na saba.

"Ni huyu tu," akasema, akimwonyesha Shemeji kwa kidevu. "Ni huyu tu sikumshuku hata siku moja. Tulikula sahani moja, tukalala mkeka mmoja. Na kila mwaka ananipigia simu. Kila mwaka! Hata ndugu wa damu hawakunitafuta."

Shemeji alikuwa anatazama sakafu. Maji ya ndoo yangu yalikuwa yameufikia ukuta.

Thelathini na moja.

Hapo ndipo alipoingia dada yangu.

Dada, chupa ya chai mkono mmoja, vikombe mkono wa pili, tumbo mbele, miezi saba. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipotutoka. Alinifulia, alinisuka, alinipa kitanda nyumbani kwa mumewe na hajawahi hata siku moja kuniambia leo usile.

"Jamani, mbona kama msiba? Na huku mmemwaga mafuriko?" Akamwona mgeni. "Wewe ndiye kaka wa lori! Mume wangu anakutaja mpaka nakuonea wivu. Karibu, karibu. Mimba hii ikiwa ya kiume amesema itabeba jina lako."

Dereva akafumba macho. "Kweli, ndugu yangu?"

"Kweli," Shemeji akasema, sauti kama ya mtu aliyekabwa.

Hamsini na nne. Sitini.

Nikamwona anasogea. Hakuna aliyemtazama ila mimi. Alisogea hatua moja, hatua ya pili, mgongo ukiambaa ukuta, mpaka mahali swichi ya kompyuta ilipo. Mkono wake ukashuka nyuma yake, taratibu, ukaigusa.

Kubonyeza tu. Kompyuta ingezima, na kadi ikikatishwa hivyo huenda isisomeke tena maisha.

Nikafungua mdomo. Ningesema nini? Shemeji, usizime? Wangeuliza kwa nini azime. Nikaufunga.

Themanini na tatu.

Dereva akasimama ghafla, akamwendea, akaukamata ule mkono, mkono huohuo, akautoa ukutani akaubana kati ya mikono yake miwili.

"Asante," akamwambia. "Kwa jina la mtoto. Asante."

Naye Shemeji, ameshikwa mkono kwa upendo, hakuweza tena kuifikia swichi.

Mia.

Faili moja. Halina jina, lina namba tu. Urefu wake: sekunde ishirini na sita.

"Moja tu?" dereva akauliza.

"Moja tu, kaka."

"Fungua."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya na haukutaka kushuka. Nikamtazama dada anamimina chai. Nikamtazama Shemeji. Alikuwa ananiangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona usoni mwake: hayakuwa ya hasira. Yalikuwa yananiomba.

Nikafungua.

Fundi saa akatokea skrini nzima, mzima wa afya, mdomo ulionyooka, saa za ukutani zikigonga nyuma yake kila moja na wakati wake.

"...ndiye huyo niliyekutajia. Nilimjua baada ya wiki mbili tu. Nikaona aibu kukuita urudi, wiki zikawa miaka. Mwanangu, nisamehe. Sina lingine." Akameza mate. Miwani ilionekana wazi mfukoni mwake. "Binti, wewe usiseme neno. Iache kadi iseme. Haya, zima."

Mkono wangu mwenyewe ukapita mbele ya lenzi. Kisha kimya.

Chai ilikuwa imejaa kikombe, inamwagikia kwenye sahani, dada haoni.

Dereva alilia bila kujificha, mtu mzima yule, mabega yakimtikisika. "Ameniomba msamaha," akasema. "Baba yangu! Yule baba yangu mnayemjua!" Akacheka, akalia tena, akafuta pua kwa mkono wa shati. "Irudie."

Nikairudia. Mara ya pili hakulia. Alisikiliza.

"Ndiye huyo niliyekutajia," akarudia polepole. "Alimtaja. Kwenye kipande cha kabla ya hiki."

Akageuka kwa Shemeji. "Ndugu yangu, wewe ulikuwepo. Alimtaja nani?"

"Mimi..." Shemeji akakohoa. "Nilikuwa nimetumwa nyumbani. Miwani."

"Miwani?" Dereva akaitazama skrini, akautazama mfuko wa shati la baba yake, akakunja uso kidogo kama mtu aliyesikia harufu asiyoijua. Likampita. Akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo ni wewe. Ulikuwa nyuma ya kamera. Binti ni wewe."

Ni mimi.

"Sitamgusa," akasema. "Naapa kwa mama yangu ambaye sikumzika, sitamgusa. Nataka tu kumjua, niache kuwashuku wengine. Baba kakukataza, najua. Kasema kadi iseme. Lakini kadi imeshasema mpaka ilipoweza."

Dada yangu aliweka chupa mezani na mkono mmoja ukaenda tumboni.

"Kama unajua, msaidie mtu, mdogo wangu," akaniambia. Dada. Yeye mwenyewe. "Kwa nini umwache ateseke?"

Sikumtazama mtu. Nilifanya kazi ninayoijua. Niliichomoa kadi kwenye kompyuta, nikaipangusa vumbi, nikanyoosha mkono juu, nikaiweka kwenye kisahani cha sabuni.

Jina juu.

Nikamsikia Shemeji akivuta pumzi. Katika chumba kile, yeye peke yake alijua maana yake.

Dereva akapiga magoti tena mbele ya kiti changu, mtu mrefu yule, mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Nakuomba," akasema. "Baba yangu alimtaja nani?"